Mbwa wa Nyumba Mbili

Kwa mara ya nne wiki ile, Lubuva aliacha chakula mezani akaenda kumtafuta mbwa wake. Safari hii alikuwa amemfunga kifaa cha GPS kwenye mkanda wa shingoni. Nukta nyekundu kwenye simu ikampeleka nyuma ya mashine ya kusaga, hadi nyumba asiyoijua.

Mbwa alikuwa amejilaza barazani, sufuria tupu mbele yake.

"Chuma, twende." Mbwa hakuinua hata sikio.

Mama mmoja wa makamo alitoka, mikono imejaa unga. "Marahaba," alisema, ingawa hakuamkiwa.

"Shikamoo, mama. Nimechoka kumfuata huyu mbwa. Nani anamlisha hapa?"

"Mimi. Anaitwa Pombo. Nimemlea tangu hajafumbua macho. Nilipolazwa hospitali mwaka juzi, akapotea."

Lubuva alimtazama mbwa mguuni. Mwaka juzi ndipo alipomwokota sokoni, amekonda, mguu una kidonda kilichooza.

"Kile kidonda nilikiosha mimi, asubuhi na jioni," alisema.

"Na mimi nimemtafuta hadi majalalani, mwanangu. Sikuwa na kidude cha kumfunga shingoni."

"Sasa tufanyeje, mama? Kila siku niache kazi zangu nije hapa?"

Mbwa alisimama, akajinyoosha, akawapita wote wawili na kutoka getini kuelekea barabarani. Wote walifungua midomo kumwita, na kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze.