Kigoda cha Mama yake Kanali

Mara ya mwisho jeshi lilipotangaza kwamba vita vimesimama, soko lilijaa, na ilipofika saa nne mabomu kutoka milimani yakaangukia watoto na mafungu ya nyanya. Kwa hiyo Kanali alipokuja kuwasihi wanawake warudi sokoni, muuza dagaa aliyeitwa Sikudhani alimjibu, "Tulibeba vikapu, hatukubeba bunduki. Mlete mama yako auze nasi. Mkitupiga tena, mumpige na yeye."

Jumatano wanawake walifika, ila hakuna aliyetua mzigo. Walisimama na vikapu vichwani, wakikitazama kigoda kitupu alichokiweka Sikudhani katikati ya meza zilizoungua.

Gari la jeshi likasimama. Kanali akamshusha bikizee mwenye fimbo, akamkalisha.

"Mama yangu huyu."

"Vikongwe wamejaa mjini, baba. Hata wa kukodi wapo." Sikudhani akachuchumaa mbele ya yule bibi. "Shikamoo, mama. Huyu alipokuwa mdogo mlimwitaje?"

"Marahaba. Tulimwita Kikojozi," bikizee akajibu papo hapo. "Mpaka darasa la tano godoro lake halijakauka."

Wanawake wakaangua kicheko. Kanali akainamisha uso, masikio yamemwiva. Aibu ile, Sikudhani aliwaza, haikodishwi. Akatua kikapu, ila hakukiachia.

Saa nne ilikuwa inakaribia. Kanali hakurudi garini. Alisimama nyuma ya kigoda, mkono begani mwa mama yake, akiitazama milima.