Kufuli la Aminieli

Aminieli aliacha bakuli la mtori mezani, akatoka mbio. Ng'ambo ya barabara, moshi ulikuwa unafuka madirishani mwa karakana yao ya kushona fulana za kupeleka Ulaya. Ufunguo wa mlango alikuwa nao yeye, msimamizi.

Bosi ndiye aliyeagiza washonaji wafungiwe humo mpaka mzigo uishe.

Kufuli liligoma. Ndani, wanawake walikuwa wanaupiga mlango kwa viganja. Akajaribu tena, jasho likimwingia machoni, mpaka likafyatuka.

Wakatoka wakikohoa, wengine peku. Akawahesabu: ishirini na tano. Alikosekana mmoja.

Mara akatokea mama mzee wa kupiga pasi, ndoo tupu mkononi, nyusi zimejaa majivu.

"Shikamoo, mama," Aminieli alijikuta akisema, ingawa alishamwamkia asubuhi.

"Marahaba, baba. Nimeuzima moto. Zimeungua fulana tu."

Aminieli akachuchumaa palepale, akacheka huku machozi yanamtoka. Simu ikalia mfukoni. Alikuwa bosi.

"Umewafungia?"

Akalitazama kufuli kiganjani.

"Ndiyo, bosi," akajibu, akalivurumisha migombani kwa nguvu zake zote.