Ninga na Pugi

"Nyamazeni!" Mwahija alipaza sauti. Sururu zikatulia.

Kutoka chini ya duara la kushoto, shimo la kuchimbia dhahabu, mluzi ulipanda, ukayumba, ukaishia kwa mkoromo laini. Mwahija alipiga magoti kwenye tope la machimbo ya Segese.

"Ndiye kaka yangu," alisema. "Huo ni mwito wa ninga wa Pemba. Nuruddin aliuiga tangu utotoni."

"Sisi tunatafuta watu, msomi wa chuo anatuletea ndege!" alinung'unika Mabula, mmoja wa wachimbaji.

Mwita, msimamizi wa wachimbaji, hakucheka. Mvua ilikuwa imeporomosha maduara mawili yaliyopakana, na kila moja lilikuwa limemfukia mtu. Hakuna aliyejua nani aliingia wapi. Magogo ya kukingia kuta yalitosha shimo moja tu. Mengine yangefika jioni.

"Dada, una hakika? Mbona nasikia na mwingine kule kwenye kichaka, karibu na duara la kulia?"

Mwahija alitega sikio. Sauti nzito ilijirudia, ikaharakisha, ikafifia. Utafiti wake wote wa chuo ulikuwa wa kuwalinganisha ndege hao wawili wa kisiwani. Hata usingizini asingewachanganya.

"Huyo ni pugi. Pemba yupo, na huku bara yupo. Ni ndege tu, kaka Mwita. Lakini ninga wa Pemba haishi kwingine duniani. Anayelia humu chini ni mtu."

"Basi kushoto," Mwita aliamuru.

Mluzi ndio uliowaongoza. Kila uliposita, Mwahija aliuita, nao ukaitika. Kichakani pugi naye hakukoma, mpaka Mabula akavurumisha jiwe ili wapate kusikia vizuri. Hakuna ndege aliyeruka. Pugi alilia mara moja tena, kwa unyonge, kisha kimya.

Mkono ulipojitokeza kwenye udongo, Mwahija aliudaka kwa mikono yake yote miwili, akalia kwa furaha.

Walimvuta. Wakamfuta uso. Hakuwa Nuruddin.

"Wewe ndiwe dada yake," alisema yule kijana kwa sauti iliyokauka. "Mimi Adam. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi nipige ninga, yeye apige pugi, ili tukiwa chini kila mmoja ajue mwenzake mzima."

Akageuza kichwa upande wa kulia, akasikiliza.

"Mbona amenyamaza?"