Mwiko wa Benchi la Vermeil

Delmas Fontenot alipoketi, benchi zima lilihama.

Waliokuwa kulia walisogea kulia zaidi, wa kushoto wakasogea kushoto, akabaki peke yake katikati na taulo begani. Hollis Guidry, mdakaji wake, mtu ambaye tangu azaliwe hajafunga mdomo hata kanisani, alikuwa ameinama anatazama kamba za viatu vyake. Delmas naye aliinama, wasije wakamwona anavyotabasamu.

Maana ya kimya hicho aliijua. Mizunguko sita kati ya tisa ilikuwa imekwisha, na katika wapigaji wote wa Chuo cha Ashby hakuna hata mmoja aliyeupiga mpira aliourusha yeye akafika salama kituo cha kwanza. Jambo hilo likianza kunukia pale Chuo cha Vermeil, besiboli huacha kuwa mchezo ikawa ibada. Mrushaji hasemeshwi. Haguswi. Maji yake hanywi mwingine. Mpaka mpigaji wa mwisho atolewe, yeye ni mwali aliyewekwa ndani.

Aliyewahi kuuvunja mwiko huo ni Gaspard Melançon, enzi hizo bado kijana. Mechi ikiwa ukingoni alimwambia mrushaji wao, "Hongera, ndugu yangu," na mpira uliofuata ulipigwa ukavuka uzio, ukaangukia kwenye mashamba ya miwa. Leo Gaspard ni wakili mwenye mvi na gari la fahari, lakini kwenye karamu ya wahitimu sufuria ya kamba wa mtoni bado humfikia ikiwa imebaki vichwa na pilipili.

Na warushaji waliofanikiwa kumaliza mechi hivyo? Hao majina yao yamechongwa kwenye ukuta wa matofali nyuma ya jukwaa. Matatu tu. Marehemu baba yake Delmas alikuwa akimleta hapo utotoni, anamnyanyua ili apitishe kidole juu ya herufi. "La nne litakuwa letu, mwanangu," alikuwa akisema. Delmas alilitaka jina hilo ukutani. Hii ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Kwake yeye ilikuwa leo au basi.

Kilichomfurahisha zaidi ni jinsi wenzake walivyoanza mapema. Kwa desturi mwiko hushika mchezo ukishafika katikati. Safari hii walinyamaza tangu mpira wa kwanza. Hata asubuhi kwenye kifungua kinywa, alipoomba asali, kila mtu alizama kwenye sahani yake. Kumbe wananiamini kiasi hiki, aliwaza, na haya zikamwingia kidogo. Alhamisi alikuwa ameaga mazoezini kwamba anakwenda kumjulia hali shangazi yake, akarudi na uso mkunjufu kupita wa mtu aliyetoka kwa mgonjwa, na hakuna aliyemuuliza neno. Watu wema sana, hawa.

Mzunguko wa saba ukapita, na wa nane. Mashabiki wa Ashby hawakuwa na mwiko wowote.

"We Fontenot! Mkono huo umeuazima kwa nani?"

"Muulizeni kama na mpira ni wake! Nyumbani kwao hata sahani ni za jirani!"

Kwa Hollis alipokea ishara za vidole tu, akarusha alivyoelekezwa, na wapigaji wakarudi mmoja mmoja wakiburuta magongo. Kitu kimoja kilimkera. Kocha wa Ashby, ambaye timu yake ilikuwa ikiaibishwa mchana kweupe, alisimama amekunja mikono anatabasamu. Delmas alijitahidi asigongane naye macho.

Mzunguko wa tisa ulipofika, watu waliokuwa jukwaani waliacha hata kutafuna karanga. Mpigaji wa kwanza akatolewa. Wa pili akatolewa. Wa tatu, ndiye wa mwisho, pande la mtu lenye shingo ya fahali, aliuchapa mpira ukatoka kama risasi kuelekea kituo cha tatu, na Delmas akahisi moyo wake unaondoka nao. Prejean, mlinzi wa kituo hicho, alijitupa ubavu, akala vumbi, akainuka. Mpira ulikuwa ndani ya glavu.

Uwanja ukalipuka. Delmas alipiga magoti pale pale, akatanua mikono na kufumba macho. Desturi ya Vermeil inajulikana: mwali akitoka, timu nzima humwangukia kwa kishindo mpaka apumue kwa shida. Akawasikia wanakuja mbio. Wakampita kulia, wakampita kushoto, wakaenda kumwangukia Prejean.

Haki yake, aliwaza Delmas akifuta machozi. Bila yule bwana ningekuwa nalia kilio kingine. Alimkumbuka baba yake, akacheka peke yake. Kisha akalifuata lile rundo la watu huku akipiga makofi.

"Haya jamani, mwiko umekwisha! Semeni sasa! Hollis, sema bwana, utapasuka!"

Hollis alijichomoa kwenye rundo, akajikung'uta vumbi, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mwiko gani, Fontenot? Wewe tumekununia. Binamu yangu anasoma Ashby. Jana katutumia picha yako ya Alhamisi, umevaa jezi yao, unacheka mpaka jino la mwisho."