Mama Glavu na Mbwa Wake

Amepita tena. Alama za miguu ya mbwa zilikuwa pale pale mbele ya kibanda, kwenye vumbi lenye umande, na kando yake alama za raba za mwanamke. Fundi viatu alitazama chini, akasonya, akapiga teke ubao wa kibanda chake mpaka kopo la gundi likaanguka.

"Huyu mama ananitafuta," alisema peke yake. "Na atanipata."

Mtaa mzima ulimwita Mama Glavu. Alikuwa nesi mstaafu, anaishi na mbwa mmoja mzee mwenye sikio lililolegea, na kila alfajiri alimtoa kutembea, glavu ya mpira mkono mmoja, kimfuko cheusi mkono wa pili. Watu walisema anajisikia, eti anaogopa kugusa vitu vya maskini. Fundi hakujali anajisikia au hajisikii. Alichojua ni kwamba tangu mama huyo ahamie, kazi yake ilikuwa imekwenda mrama. Zamani watu wa ofisini wakielekea kituoni walijaa kibandani kwake asubuhi hadi anakosa pa kuwakalisha. Siku hizi walimpita kama nguzo ya umeme. Soli hazikatiki kila siku. Beseni lake la sabuni la kuoshea viatu lilikaa na maji yake safi hadi jioni.

"Leo je?" mkewe alimuuliza nyumbani jioni.

"Vilevile."

"Na yule mama?"

"Kapita. Yule hakosi."

Mke akatua sufuria kwa kishindo. "Na wewe unamwangalia tu! Watoto watakula hasira zako?"

Hasira hazikuwa zake peke yake. Mbwa walizurura mtaani watakavyo, na mavi yao yalikuwa kwenye vichochoro, nyuma ya duka la dawa, hata kwenye ngazi za shule ya chekechea. Kila aliyekanyaga alitukana, na kila mwenye mbwa aliapa kwamba wa kwake hana tabia hiyo. Mwishowe mwenyekiti wa mtaa, ambaye mbwa wake jike mnene hakuwahi kufungwa hata siku moja, akaitisha kikao.

"Mbwa wangu mimi anajiheshimu," alianza mwenyekiti, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Macho yakahamia kwa Mama Glavu. Huyo ndiye aliyeonekana kila siku na mbwa kwenye kamba, basi huyo ndiye aliyekuwa rahisi kumshika.

"Mbwa wangu hajachafua njia ya mtu," mama alisema kwa utulivu. "Kama hamniamini, muulizeni fundi. Kila asubuhi ananiona."

Kikao kikamgeukia fundi. Akasimama. Hasira ya miezi yote ile ilikuwa imemjaa hadi kooni.

"Ni kweli namwona," alisema. "Kwa macho yangu haya. Kila asubuhi anasimama na mbwa wake mbele ya kibanda changu. Anainama. Na kwenye ule mfuko wake mweusi mna mavi. Sijaongeza neno."

Na kweli hakuwa ameongeza neno.

"Mwanangu," mama alisema, "malizia basi. Waambie na..."

Kelele zikammeza. Mwenye duka la dawa alipayuka kwamba kumbe mtu mzima huyu anawabebea wenzake mavi hadi mlangoni! Mwingine akauliza hiyo glavu ni ya kazi gani, kama si hiyo. Mwenyekiti akakata shauri hapo hapo: mbwa aondoke mtaani kabla ya Jumapili.

Mama Glavu hakulia. Alimtazama fundi tu. Fundi akaangalia viatu vyake.

Jumamosi gari dogo la mizigo lilikuja. Mbwa alikataa kupanda, ikabidi mama mwenyewe ambebe, na mgongo wake ule wa uzee. Gari likaondoka, naye akabaki getini ameshika kamba tupu. Fundi aliona yote kutoka kibandani. Alidhani hasira ingeisha siku hiyo. Badala yake ilimgeukia yeye mwenyewe. Akaimeza. Watoto lazima wale.

Jumatatu alifika mapema. Hapakuwa na alama za raba kwenye vumbi. Akajaza beseni, akafuta kigoda, akaketi kusubiri.

Yule mbwa mnene wa mwenyekiti akaja akijivuta, akanusanusa, akachuchumaa katikati ya njia, mbele kabisa ya kibanda. Jiwe lilikuwa karibu na mguu wa fundi. Hakuligusa.

Mara mwenyekiti mwenyewe akatokea na suti yake, viatu vinang'aa, simu sikioni. Mguu ukateleza. Matusi yaliyomtoka hayasemeki mbele za watu.

"Si tumeshamwondoa yule mbwa!" alifoka, akiinua mguu mmoja kama kuku.

Tangu Mama Glavu aanze kuokota mavi ya mbwa wa kila mtu kwenye njia ile, hicho ndicho kilikuwa kiatu cha kwanza kuchafuka mbele ya kibanda kile.

"Pole sana, mzee," alisema fundi, akimsogezea kigoda na kuchovya brashi kwenye maji safi. "Kaa hapa nikuoshee kiatu. Hata kesho nipo."