Kibao cha Njia ya Ziwani

Jumamosi, tarehe nane Juni. Asubuhi ilikuwa na ukungu na manyunyu. Wanafunzi wanne wa kisomo cha jioni walipita msituni kwenda ziwani, waandike majina ya wanyama watakaowaona. Njiani palikuwa na kibao.

"Kinasemaje, mwenyekiti?" Mzee Sengo alimtania Bi Perpetua, mwenyekiti wa darasa lao. "Au miwani imelala nyumbani?"

Perpetua aliona haya kukiri kwamba herufi zimemshinda. "Kinatukaribisha."

Basi wakaendelea hadi ziwani, na Sengo akashuka majini kunawa miguu. Maji yakafura mbele yake, kikaibuka kichwa cha kiboko, na ubavuni mwake mtoto.

"Ee Mungu, usimchukue kwa uongo wangu," Perpetua alinong'ona. Kisha akasema, "Mzee, usikimbie. Rudi kinyumenyume."

Sengo alirudi hatua kwa hatua. Ndala yake moja ilibaki ikielea kuelekea kwa kiboko.

Waliporudi kwenye kibao, Perpetua aliweka kidole juu ya herufi. "Ha... ta... ri." Akawageukia wenzake watatu.

"Mbele yenu na mbele ya Mungu, sitasema tena nimesoma nisichokisoma."