Mkwe Ndani ya Bedford

Masele alikula ugali wake nyuma ya choo, amesimama, bakuli la mlenda ameliweka juu ya ukuta. Gesti ya Mama Athanas, pale Kahama, ilikuwa na meza moja tu ya chakula, na kwenye meza hiyo alikuwa amekaa mkwe wake.

"Rudi ule na watu," Ngassa alimwambia. "Huku nzi wanakula zaidi yako."

"Nile mbele ya baba yake Generoza? Nitafune, nimeze, yeye akiniangalia?"

Walikuwa marafiki watatu kutoka Shinyanga: Ngassa, dereva wa Bedford, lori la mjomba wake, Stanslaus, aliyechaguliwa kuwa mshenga kwa sababu ndiye pekee mwenye koti, na Masele, mwalimu, ambaye maishani mwake hakuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko boksi la chaki. Walikuwa wanakwenda Ushirombo kuposa. Baba wa binti hakuna aliyekuwa amemwona.

Mzee alijifichua mwenyewe. Alisukuma sahani, akamwambia Mama Athanas kwa upole, "Usinichukie, mama, lakini ugali huu haujaiva. Nikifika Ushirombo nitakula kwa Generoza wangu. Pamoja na ualimu wake wote wa Shinyanga, kusonga anajua."

Hapo ndipo Masele alipookota bakuli lake akakimbilia chooni.

"Basi muulize jina tuhakikishe," alisema Ngassa.

"Mkwe haulizwi jina!" Masele na Stanslaus walijibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

"Tumwambie basi tunakwenda kwake."

"Posa inasemwa nyumbani kwa watu," alisema Stanslaus, akijiweka sawa koti. "Haisemwi kwenye gesti yenye kunguni."

Masele aliyakumbuka maneno ya Generoza walipoagana. "Njoo upesi. Baba ameanza kupokea wageni, na mimi siwezi kumkatalia kila mmoja. Ukija, usiongee sana. Baba hapendi wasemaji, anapenda mtu wa kazi."

Mtu wa kazi! Masele aliitazama mikono yake, laini kama ya mama mkwe wa tajiri, akaona aibu kwa niaba yake.

Asubuhi walimkuta mzee uani amesimama katikati ya ng'ombe, amejishika kiuno. Lori alilokodi kuwasafirisha lilikuwa limevunjika ekseli.

"Baba, gari lipo," alisema Masele huku ameinamisha uso. "Na hatutaki hata senti."

Ngassa nusura ameze mswaki wake.

Mzee alikaa mbele na dereva. Masele na Stanslaus walipanda nyuma na ng'ombe. Suruali ya terilini, iliyoshonwa maalumu kwa siku ya posa, ilipokea mavi ya kwanza kabla hawajatoka mjini. Ya pili Masele hakuyahesabu tena.

"Shemeji zako hawa," alisema Stanslaus, pembe ikiwa kwapani mwake. "Wasalimie."

Mvua iliwakamata njiani. Lori lilipozama, Masele ndiye aliyelala chini ya magurudumu kuchota tope kwa mikono. Ng'ombe walipotaka maji, Masele ndiye aliyeteremka mtoni na ndoo. Mzee alimtazama kupitia dirishani, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kijana huyu natamani angekuwa wangu," alimwambia Ngassa.

Ngassa alimfikishia Masele maneno hayo. Masele akaongeza ndoo nyingine.

Usiku uliwakuta Masumbwe, na gesti ya pale ilikuwa imebakiza chumba kimoja na kitanda kimoja. Masele alimpisha mzee, akatandika shuka lake kwa mikono yake mwenyewe, kisha akatoka kinyumenyume mpaka akagonga mlango. Yeye alipanda kulala juu ya lori, awachunge ng'ombe. Kabla hajapanda, mzee alimwita.

"Umeoa, kijana?"

"Bado, baba."

"Oa. Nyumba bila mwanamke ni ghala. Ukimpata anayekufaa usizembe, mwenzako atamchukua."

Masele alirudi kwa wenzake machozi yakimlengalenga. "Mmesikia? Amenikubali hata kabla sijafungua mdomo!"

"Ndiyo maana amekukubali," alisema Ngassa.

Waliingia Ushirombo kesho yake mchana. Mzee alimwelekeza Ngassa njia, kata hapa, pita pale, mpaka kwenye mji wenye nyumba ya bati na ua uliofagiliwa. Kabla lori halijasimama vizuri, Masele alikuwa amesharuka chini. Alifungua bodi, akawateremsha ng'ombe mmoja mmoja, akawaswaga hadi zizini mwenyewe, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi. Wanawake walipiga vigelegele. Masele aliinua mkono kuwashukuru.

Generoza alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Alimtazama Masele, akawatazama ng'ombe, akajifunika uso kwa kanga. Haya za kike, Masele alijiambia.

Mtu mfupi mwenye rozari shingoni alitoka ndani kwa haraka, akampita Masele kama anavyopitwa mchungaji, akamshika mzee mikono yote miwili.

"Karibu kwetu, Mzee Herman! Huyu binti yangu alishaanza kunicheka. 'Baba, bwana wako huyo hana hata ndama.'"

"Ng'ombe nilikuwa nao, baba, nilikosa gari," alijibu mzee, akapiga goti kwa heshima. Kisha akamnyoshea kidole Masele. "Mshukuru kijana yule mwenye tope. Bila yeye nisingeoa mwaka huu."